Nilimshitaki Binamu kwa Mjomba, Kumbe Oili ya Gia Nilibadilisha Mwenyewe

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijamtukana mtu, maana najijua, nikifika kwa Mama Zai ulimi hautashikika na nyinyi mtasahau kwamba na mimi nina langu.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, nakaa Chuno, hapa Mtwara mjini. Nauza makopa. Muhogo mkavu nautoa vijijini huko Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, nauleta mjini. Kwa miaka mingi kazi hiyo niliifanya kwa pikapu yangu mwenyewe, na usukani nashika mwenyewe. Gari kuukuu la gia za mkono, rangi huwezi kujua ilikuwa bluu au kijani. Watu walicheka. Acha wacheke! Gari lile ndilo lililowalisha watoto wangu baada ya baba yao kwenda zake.

Fundi wangu alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba. Jina lake silitaji, nimeshamfedhehesha vya kutosha. Alikuwa na gereji yake pale Mtawanya, na gari langu alilijua kuliko mimi nilivyomjua mume wangu.

Sasa asiyezijua mila zetu huku ajue: mtoto wa mjomba ni mtani wako. Mtani wa kweli kweli! Anaweza kukutukana mbele ya watu ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako, akafunua sufuria, akala, na akaondoka na kuku wako bandani. Kukasirika ni mwiko. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Binamu aliniita "nke wangu" tangu tuko watoto, hivyo hivyo kwa lafudhi yetu ya kusini. Hata mkewe wa ndoa alizoea, akawa ananiita mke mwenza. Kila nikipeleka gari alinipokea kwa kelele, wateja wote wasikie.

"Nke wangu huyo, kaja na jeneza lake! Nakuapia, siku moja nitaliua hili gari nikupumzishe, ukae nyumbani unipikie!"

"Utaliua kwa mkono gani?" namjibu. "Mkono wenyewe hata nazi huwezi kukuna!"

Watu hoi! Ndivyo tulivyoishi, na sikuwahi kudhani kuna siku nitayataka matusi yale niyakose.

Basi siku hiyo akaniambia oili ya giaboksi imechoka, ibadilishwe. Kwa kawaida yetu oili ananunua mteja mwenyewe, fundi asije akasemwa kajiongezea. Akanieleza, na hapo hakutania hata chembe.

"Angalia palipoandikwa GL, halafu nne. Usichukue tano. Zote mbili utazikuta zimeandikwa namba tisini, usidanganyike na tisini. Tano ni ya difu, zile gia za kule nyuma kwenye matairi, ina dawa kali. Gari lako la zamani, ndani ya giaboksi mna ringi za shaba, ndizo zinazofanya gia iingie bila kulia. Ile dawa inazila."

"Sawa, fundi wa ndege," nikamwambia, nikaondoka.

Nikaenda wapi? Kwa Mama Zai! Jina hilo si lake, lakini akisoma atajijua, na ajijue.

Mama Zai alikuwa shoga yangu. Tumelea watoto pamoja. Nilipoachika alihamia kwangu na mkeka wake, akawa analala chumbani kwangu nisilie peke yangu. Mtu kama huyo unamchungaje? Yeye na mumewe wana duka la vipuri, basi mimi kila bolti, kila chujio, nilinunua kwake.

"Nne?" akacheka. "Shoga, nne nani anatumia siku hizi? Hiyo ya enzi za babu. Watu wote wako tano sasa. Kati ya nne na tano, kubwa ipi?"

"Tano."

"Haya basi. Binamu yako fundi mzuri, simnyimi sifa, lakini kichwa chake kimebaki kulekule. Gari zee linataka oili yenye nguvu."

Jamani, iliniingia! Niliona ni kweli, mgonjwa mahututi hupewa dawa kali, hapewi maji ya mchele. Na mimi nina kiburi changu, nikaona leo nitamzidi binamu ujuzi kwenye gari langu mwenyewe.

"Lakini atakataa kuitia," nikasema.

"Lile dumu la mara ya mwisho si unalo? Mimina humo. Atajuaje?"

Nilikuwa nalo nyuma ya kiti, tupu, limeandikwa nne. Tukamimina pale pale kaunta, mimi nimeshika dumu, yeye anamimina, tunacheka kama wasichana walioiba maembe. Na yeye alikuwa anajua anachomimina! Hiyo ndiyo inayonikaba mpaka leo.

Nilipomkabidhi binamu, akafungua kifuniko, akanusa.

"Nke wangu, mbona inanuka kiberiti?"

"Inanuka wewe! Koga kwanza ndiyo useme oili inanuka!"

Gereji nzima ikacheka. Na yeye akacheka, akaingia chini ya gari, akaitia. Mnaona nilichofanya? Alikuwa ameshaukamata uongo wangu puani, nikamziba macho kwa utani. Utani ambao haukuwa wangu peke yangu, ulikuwa wetu wawili.

Mwanzoni gari lilikwenda vizuri, nikajisifu moyoni. Halafu gia ya pili ikaanza kulia. Nikishusha kutoka ya tatu, krrr! Ya tatu nayo ikaiga. Nikawa nabembeleza, nakanyaga klachi mara mbili, nasoma bismillahi kila kona.

Siku iliyoniangusha natoka Mahurunga, magunia yamejaa hadi juu. Kwenye kilima nataka gia ya pili, haiingii. Krrr! Nakanyaga tena, krrr! Gari likaanza kurudi kinyumenyume, nashika breki, matairi yanateleza kwenye mchanga, likaacha njia na kuegemea mkorosho. Mimi mzima. Magunia yakamwagika, na mvua ikaja saa ileile. Makopa yakilowa ndiyo basi tena, yanaota ukungu. Mzigo wote ukawa chakula cha kuku.

Nilikwenda kulia kwa nani? Kwa shoga yangu! Akanipa maji, akanifuta machozi na khanga yake.

"Giaboksi ameigusa nani mara ya mwisho?" akaniuliza.

"Binamu."

"Na huwa anasemaje juu ya gari lako mbele za watu?"

"Kwamba ataliua."

"Mimi simsemi ndugu wa mtu," akaendelea, taratibu kabisa. "Lakini mtu akikuapia kila siku atakuua, siku ukikutwa umekufa, watu waanzie wapi kuuliza?"

Nikamuuliza na oili. Ndiyo, nilimuuliza, msidhani sikuikumbuka! Akasema, "Umeona wapi dawa ya bei kubwa ikaua mtu?" Nikaridhika. Nilitaka kuridhika, huo ndio ukweli. Maana kama si oili ni binamu, na kama si binamu ni mimi niliyehamisha oili kwenye dumu.

Nikaenda Mikindani kwa mjomba.

Hapa inabidi mnielewe vizuri. Kwetu ukoo ni wa mama. Mjomba ni kaka wa mama yangu, kwa hiyo mimi ni mtu wake, damu ya ukoo wake. Mtoto wake wa kumzaa ni wa ukoo wa mkewe. Ugomvi ukija mbele yake baina yangu na mwanawe, mizani imeshalalia kwangu kabla sijafungua mdomo. Nilijua. Ndiyo maana sikwenda kwa mjumbe wala polisi, nilikwenda pale ambapo binamu hawezi kunishinda.

Tukakaa barazani, na mama yangu yupo, na wajomba wadogo wapo. Mjomba akamuuliza mwanawe.

"Ulisema utaliua gari la mwenzako?"

"Nilisema, baba. Ni utani."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Utani unafanywa mafichoni?"

"Umeliua?"

"Sikuliua." Akanigeukia mimi. Alikuwa bado anacheka kidogo, hakuamini kwamba nimefika huko. "Nke wangu, ile oili ilikuwa ile niliyokuambia?"

Watu wote wakaniangalia. Na mimi nikasema, "Dumu si uliliona mwenyewe? Limeandikwa nini?"

"Nne," akasema.

"Haya."

Kicheko kikamtoka usoni. Aliniangalia hivi, na najua alijua. Harufu ile aliisikia kwa pua yake. Angeweza kusema. Lakini amsute mtoto wa ukoo mbele ya baba yake na shangazi yake, amwite mwongo, bila ushahidi zaidi ya pua? Akainamisha kichwa, akasema, "Yaishe, baba."

Mjomba akahukumu. Akasema utani una mipaka, na mali ya mama anayelea watoto peke yake si ya kutaniwa. Akasema, "Kuanzia leo utani wenu nimeufuta. Mtaheshimiana kama watu na heshima zao." Mama yangu akaguna. Mimi nikaona nimeshinda!

Na ushindi nikautembeza. Sokoni nilimtangaza, kwa wenzangu wauza samaki, wauza nazi, kila mwenye mume mwenye gari. Nikasema yule fundi gari akilionea wivu analimaliza. Mtwara mji mdogo, maneno hayakai. Wateja wakampungua mmoja mmoja hadi akafunga gereji. Sasa hivi anafanya kazi kwenye gereji ya mtu mwingine, anaagizwa spana na watu aliowafundisha yeye.

Gari nikaambiwa giaboksi imekwisha, kutengeneza ni hasara. Nani kaniambia? Msiniulize. Akaniletea na mnunuzi, "mtu wa Mungu, atalichukua hivyohivyo." Nililiuza kwa bei ya chuma chakavu, na nikamshukuru! Nikampelekea na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha kwenye hotipoti, ya ahsante.

Tangu hapo nikawa napanda magari ya watu, mimi na magunia yangu. Siku moja niko Mahurunga nasubiri usafiri, likatokea gari langu.

Limepakwa rangi mpya, lakini mtu hasahau mlio wa gari lake. Limebeba korosho, linapanda mwinuko, gia ya pili imeingia, laini, kama mkono kwenye mfuko! Dereva akashuka kununua maji. Hanijui. Nikamuuliza kama mtu wa kupitisha muda tu, gari zee hivi giaboksi yake vipi?

"Nzima hii, mama. Walitia oili ya difu kwenye giaboksi, ikala ringi za shaba. Tumebadilisha ringi, tumetia oili yake, basi."

"Mlijuaje?"

"Bosi wangu dada yake ana duka la vipuri Chuno. Ndiye aliyetuambia tulinunue, tusiogope. Kasema ugonjwa wake anaujua, oili aliuza yeye." Akacheka. "Eti mwenye gari mwenyewe anadhani kafanyiwa na ndugu yake!"

Nikakaa chini. Yule dereva wa watu akadhani nimeshikwa na jua, akanipa maji yake.

Mnunuzi wa kweli alikuwa kaka yake, yule "mtu wa Mungu" katumwa tu! Shoga yangu, aliyelala chumbani kwangu nikilia talaka! Alimnunulia kaka yake gari langu kwa machozi yangu, akayafuta na khanga yake, halafu akala ming'oko yangu!

Nilimkuta dukani anapanga mikanda ya feni. Nilipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Yeye hakupandisha hata sauti.

"Ile oili ilinikalia dukani, shoga. Nilidhani haitaleta neno. Ilipoleta, ulitaka nijitangaze?"

"Na kaka yako?"

"Ungeliuza tu. Bora kwangu au kwa mgeni?"

"Na binamu yangu? Binamu yangu alikukosea nini?"

Hapo akaniangalia machoni. "Binamu yako umempeleka wewe kwa mjomba. Mimi Mikindani sijafika."

Nilikuwa na matusi ya kumjaza kapu, nikageuka nayo nikatoka. Mshenzi yule, katika yote aliyonidanganya, neno alilonipiga nalo mwisho lilikuwa la kweli.

Nikarudi Mikindani siku ileile. Nilimpigia mjomba magoti, nikamwambia yote, dumu, kiberiti, kila kitu. Mzee wa watu alishika kichwa. "Umenifanya nimdhulumu mwanangu," akasema, "na nilimdhulumu kwa ajili yako." Akampigia simu aje. Mbele yangu akamwomba radhi mwanawe, baba mtu mzima, na akatamka kwamba utani ameurudisha kama ulivyokuwa.

Binamu alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, hakunisuta.

"Nimesikia, baba. Yamekwisha," akasema. Kisha akanigeukia. "Nimekusamehe, dada."

Dada! Katika maisha yangu yote hajawahi kuniita dada.

Nikajipa moyo kwamba ni hasira, zitapoa. Nikawa napita pale anapofanya kazi, namsalimia kwa tusi la zamani, ananijibu "salama, dada, watoto hawajambo?" Nimeenda sokoni kumsafisha jina, mmoja mmoja, kama nilivyomchafua. Wengine wamenielewa. Wengine wamesema sasa ndiyo wanajua mwongo ni nani, na haki yao. Gereji yake haijarudi.

Kisha mama yangu akafariki.

Mliozikana kusini mnajua msiba wetu bila watani haukamiliki. Watani wa mama walikuja kweli kweli. Mmoja alivaa khanga ya marehemu akawa anatembea kama yeye, mkono kiunoni, anagombeza watu kuhusu chumvi. Mwingine kalala mlangoni, hatoki mpaka apewe kuku. Nililia na kucheka pamoja, nikasikia kifua kinafunguka kidogo. Na muda wote macho yangu yanamtafuta mmoja tu, maana aliyekufa alikuwa shangazi yake, na mtani mkubwa wa nyumba ile alikuwa yeye.

Alikuwa nyuma ya nyumba, anapasua kuni. Amefika mapema kuliko wote, amechota maji, amefunga turubai. Kimya.

Nikamfuata. Watu wapo, wanawake wa jikoni wote wanaona. Nikajishika kiuno, nikapaza sauti, nikamwanza mimi.

"Wewe! Mume gani unakuja msibani mikono mitupu? Unasubiri nikupikie?"

Wanawake wakaacha kukoroga, wakasubiri ajibu. Na mimi nilisubiri. Ningempa chochote anijibu hata tusi moja, hata aniambie mama yangu kafa kwa kuchoka na sura yangu.

Akaweka shoka chini taratibu. Akajifuta mikono.

"Samahani, dada. Nilileta unga na mchele, nimempa mke wangu aupeleke jikoni. Kama haujafika nitauliza."

Mmoja wa wale wanawake akafunika sufuria. Mwingine akasema moshi unaumiza macho, akaondoka. Mimi nikasema, "Umefika, ahsante," na sikujua kama umefika.

Basi ndugu zangu, mwenye gari la zamani, soma chupa kabla hujalipa. Nne siyo ndogo ya tano, ni kitu kingine kabisa, na asiyekuambia hivyo anakuuzia au hajui. Oili ikinuka, fundi akikuuliza, mwambie kweli, hata kama umeshafanya ujinga, maana giaboksi ukiiwahi ikamwagwa mapema inapona. Na rafiki akikufuta machozi, muulize kwanza gari lako analinunua nani.

Lakini hayo mengine kumbe ni madogo. Gari nitanunua jingine, Mungu akipenda. Neno la mtani mlilocheka pamoja usilichukue ukaenda nalo barazani kuwa ushahidi. Kama leo unaye mtu wa kukutukana hadharani na kukupora kuku, mjibu, umcheke, mle huyo kuku. Mimi binamu yangu ananiheshimu sana.